Pasolini asomwe, sio kesi zake tu

Jamani hii makala inayomhusu Pasolini, yule mwandishi na mwongoza filamu wa Italia, imejaa kesi alizoshtakiwa na kuuawa kwake kule Ostia, pwani karibu na Roma, 1975, vitabu vyake mstari mmoja tu, inaniuma kwa kweli. Huyu kaanza 1942 na mashairi ya Kifriuli, lugha ya kwao mama yake huko kaskazini-mashariki mwa Italia, wakati utawala wa Mussolini hautaki hata kuzisikia lugha za vijijini. Halafu riwaya yake Ragazzi di vita, 1955, wakamshtaki eti kaandika matusi, mahakama ikamwachia. Mle ndani kuna dogo Riccetto anajitosa mto Tiber, ule wa Roma, kuokoa mbayuwayu anayezama, mwisho wa kitabu keshakua, anamwona mtoto Genesio anazama mto Aniene naye anaondoka zake kimyakimya. Mi pale nilifunga kitabu nikakaa tu. Sasa hayo ndo matusi?