Moja Tu, Jamani!

Ukienda makumbusho ya ndege na vyombo vya anga na marafiki zangu, utakachoona ni migongo yao. Pale Washington nimesimama mbele ya Columbia, chombo kilichowarudisha wanaanga wa Apollo 11 duniani kutoka mwezini mwaka 1969, nataka tu kutazama ubavu wake ulivyobabuka kwa moto. "Hebu tupige picha, moja tu!" Moja ikawa ishirini. Mmoja kafumba macho, haya, turudie. Ndege ya 1903 ya wale ndugu wawili akina Wright, ya mbao na kitambaa, nayo imo humo; iliruka sekunde 12 mara ya kwanza. Hawa walimaliza dakika kumi wakibishana nani asimame kushoto. Kwenye basi mmoja ananiuliza, "Kwani ile ndege ya mbao na kitambaa tuliiona?" Uliipa mgongo, ndugu yangu!