Ujerumani na Wauguzi wa Nje: Viza Ni Nusu ya Safari

Sheria ya Uhamiaji wa Wataalamu ilianza kutumika Ujerumani Machi 2020, ikalegezwa kuanzia Novemba 2023. Juni 2024 ikaja Kadi ya Fursa: mgeni mwenye angalau pointi 6, zinazotokana na lugha, umri, ujuzi na mengineyo, hupewa hadi mwaka mmoja atafute kazi.

Wanaopinga mpango huu wa kuvutia wauguzi wa nje wana hoja nzito. Ukichukua wauguzi wa nchi yenye wodi zisizo na watu, umeziba pengo lako kwa kumchimbia mwenzako. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 ina nchi 55 ambazo hazifai kuendewa kwa kampeni za kuajiri wahudumu wa afya, na iheshimiwe.

Lakini anayesema wageni wanabembelezwa hajaitazama njia yenyewe. Muuguzi aliyesomea nje ya Umoja wa Ulaya hatambuliwi kuwa muuguzi kwa sababu tu ana viza. Vyeti vyake, vilivyotafsiriwa rasmi, huenda kwa mamlaka ya jimbo, na majimbo yako 16. Huko mafunzo yake hulinganishwa na ya Kijerumani. Likionekana pengo, kuna mtihani au kozi ya kulifidia, na juu yake Kijerumani, kwa kawaida kiwango cha B2. Muda wote huo huajiriwa kama msaidizi. Mtu aliyezoea kushika zamu ya usiku na kusimamia dripu za wodi nzima sasa anatandika vitanda na kugawa sinia za chakula, akisubiri barua.

Watafiti wa soko la ajira nchini humo walikadiria kwamba ili nguvukazi isipungue, lazima nchi ipate wahamiaji 400,000 kila mwaka, baada ya kuwatoa wanaoondoka. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayoninyima raha. Wanasiasa huhesabu viza zilizotolewa, ilhali kila muuguzi anayechoka kusubiri na kurudi kwao anafuta mmoja aliyekuja, na hospitali inaanza upya kutafuta, kufundisha lugha, kulipia nauli.

Tangu Machi 2024 mwajiri na mfanyakazi wanaweza kukubaliana kwamba cheti kitambuliwe baada ya kuwasili. Ni hatua njema, ila imehamisha foleni kutoka nyumbani hadi ugenini. Kilichobaki ni kuongeza watu wa kusoma mafaili katika mamlaka za majimbo, na kumwambia mwombaji tangu mwanzo atasubiri miezi mingapi.