Kipa kasimulia nusu, nusu nyingine hii hapa

Wagosi, tangu juzi jioni mnanitumia picha za ndoo. Najua zimeanzia kwa nani. Kipa wetu kaisimulia fainali yetu anavyopenda yeye, na kuna kitu kakificha. Nitakifikia.

Kwanza jezi. Kuna mtu anautaka udiwani, akatuletea seti nzima. Tukapiga picha, tukashukuru, tukafungua mfuko: saizi za darasa la sita. Kocha, ambaye siku za kazi ni fundi baiskeli Ngamiani, hapa Tanga, akasema zitatanuka. Yangu haikutanuka. Nilivalishwa na watu wawili.

Fainali ya mbuzi, sisi na wale wa Muheza, bila bila, dakika ya themanini na kitu. Njano moja nilishakula kipindi cha kwanza kwa kubishania mpira wa kurusha. Ulikuwa wetu. Hata leo nasema ulikuwa wetu.

Krosi ikaja. Siwezi kusema nilipiga kichwa. Kichwa ndicho kilichopigwa. Mpira ukapita katikati ya milingoti. Mwenzenu miaka mitatu sijafunga! Akili ikaruka: nikauona uwanja wa Mkwakwani umejaa, nikaiona Coastal Union yetu ya 1988 inachukua ubingwa wa nchi, na mimi nimo. Nikavuta jezi.

Ikafika masikioni, ikagoma.

Dunia nzima ikawa bluu. Mikono juu kama mtu anayeporwa, tumbo nje, pua imebanwa na namba tisa, na harufu ya mechi ya wiki iliyopita bado imo. Nakimbia. Nasikia uwanja mzima: "Geuka! Geuka!" Nikajua wanataka kuniona vizuri. Nikageuka, nikawakatia na kiuno kidogo. Kelele zikapanda: "Geuka weweee!" Basi nikazunguka tena, safari hii nikashuka nacho mpaka chini. (Kwa mliouliza kama kweli nilifika chini: nilifika.)

Kumbe mshika kibendera alishanyoosha kipande chake cha khanga kitambo. Nimeotea. Muheza wameshaanzisha, pasi fupi, kisha ndefu, na mimi niko pembeni nazungusha.

Nikiwa kwenye kuinuka, kisigino kikagonga plastiki. Nikaenda kinyumenyume, nikakalia ndoo ya juisi ya ukwaju, nayo ikanipokea mpaka kiunoni. Baridi! Pande moja la barafu likaingia kwenye kaptula, likaelekea nisikoweza kuandika hapa. Jezi bado kichwani. Nikasikia mtu mzima anaguna karibu yangu, nikajua ndiye mwenye ndoo. Nikafanya nilivyolelewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Humo mlikuwa na vikombe arobaini."

Kocha ndiye aliyenikata jezi, kwa mkasi wake wa kukatia viraka vya tyubu. Mwanga ulipoingia nikaona mpira uko golini kwetu, na kipa wetu kaukumbatia mlingoti, anacheka mpaka machozi. Hicho ndicho alichowaficha! Mpira umempita anacheka, halafu usiku anakaa kuandika habari zangu.

Refa akaja na kadi. Nikamuuliza, goli si umelikataa, sasa nimeshangilia nini? Akasema ukivua jezi kushangilia ni njano, hata goli likikataliwa. Nikamwambia sijaivua, si unaona ilinishinda? Akasema kuivua na kujifunika nayo kichwa, kadi ni ileile. Nimekwenda kuuliza kwa wanaojua. Ni kweli.

Njano mbili, nje. Moja bila, mbuzi kapanda gari la Muheza. Ukwaju ni elfu ishirini, nimelipa nusu. Nyumbani tusiongelee.

Leo asubuhi napita barabara ya 12 na baiskeli, katoto kamoja kakapiga kelele kutoka barazani: "Geuka!"

Nikageuka.