Kundi la Mbio Lipimwe kwa Anayekimbia Nyuma

Kila mwaka, ifikapo Septemba, anayepita katika barabara za Jinja kabla ya jua kuchomoza hukuta vikundi vya watu waliovaa fulana za rangi moja wakikimbia kwa safu, baadhi yao wakiimba na kupiga makofi, wakijiandaa kwa mbio za marathoni za Kampala ambazo hufanyika Novemba. Ifikapo katikati ya Desemba, barabara hizo hizo zimebaki na wauza maziwa na bodaboda, na kule kwenye barabara kuu ya Iganga, malori ya miwa ya kiwanda cha sukari cha Kakira. Waliokuwa wakikimbia hawajahama wala hawajaugua wote kwa mpigo. Mashindano yamekwisha, na sababu ya kuamka imekwisha nayo.

Wapo wanaolieleza jambo hili kwa neno moja, uvivu, na kila mwanzo wa mwaka huja na mahubiri ya nidhamu na kujituma. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyeweza kuamka alfajiri kwa miezi mitatu mfululizo, akakimbia kwenye mvua za Oktoba na kisha akaenda kazini kiwandani au sokoni, hawezi kuwa mvivu ghafla ifikapo tarehe moja Desemba. Naona kasoro iko katika namna tunavyoyaunda makundi yetu ya mbio: tunayaunda kwa ajili ya wenye kasi na kwa ajili ya siku ya mashindano, kisha tunashangaa wale wa katikati na wa nyuma wanapopotea mmoja baada ya mwingine.

Katika kundi letu la mtaa wa Walukuba, hapa Jinja, yupo mzee mmoja, askari mstaafu, ambaye wakubwa kwa wadogo tunamwita Afande. Si mkimbiaji hodari, na goti lake la kushoto humlazimisha kutembea sehemu za mlima. Hata hivyo, nikiulizwa ni nani aliyelifanya kundi hili lidumu, nitamtaja yeye kabla ya vijana wetu wote wanaorudi na medali. Kazi yake ni kusimama kwenye kona, chini ya nguzo ya umeme, akiwa na tochi mkononi, kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mtu akimwandikia usiku, “Afande, shikamoo, kesho sitaweza, mwili umechoka,” yeye hashawishi wala hatoi hotuba. Hujibu, “Marahaba, mwanangu. Nitakuwa pale pale mpaka saa kumi na mbili kasorobo.” Basi. Ukishalala na jibu hilo, alfajiri inapofika huwazi tena kama una ari ya kukimbia au huna. Unawaza kwamba mzee amesimama kwenye baridi akikuangalia upande wa nyumbani kwako. Wengi huinuka. Asiyeinuka hasemwi, lakini jioni hupigiwa simu kuulizwa kama watoto ni wazima.

Jambo hili la kusubiriwa lina nguvu kuliko tunavyodhani, na si sisi wa kwanza kuligundua. Mwaka 1898, mwanasaikolojia Mmarekani Norman Triplett alichunguza rekodi za waendesha baiskeli akaona kwamba waliokuwa na wenzao barabarani walikwenda kasi zaidi kuliko waliokuwa wakishindana na saa peke yao. Linalonigusa zaidi, hata hivyo, ni lile aliloliona Mjerumani Otto Köhler katika miaka ya 1920 alipofanya majaribio na wanachama wa klabu ya wapiga makasia ya Berlin. Aliwapa kazi ya kuinua uzito, kwanza kila mmoja peke yake, kisha wakiwa wameunganishwa kwa namna ambayo aliye dhaifu akishindwa, kazi ya wote imekwama. Aliona kwamba yule dhaifu alivumilia muda mrefu zaidi akiwa na wenzake kuliko alipokuwa peke yake. Na kuna sehemu ambayo viongozi wa makundi wangepaswa kuisoma mara mbili: nguvu hiyo ilionekana zaidi pale ambapo tofauti kati ya wenzi ilikuwa ya wastani. Walipolingana mno haikuonekana sana, na walipoachana mno ilipotea. Kwa lugha ya barabarani, mtu anayeanza akifungwa na kijana anayekimbia kilomita kumi kwa dakika thelathini na tano, hapati msukumo wowote. Anapata aibu, na aibu haimwamshi mtu saa kumi na moja.

Watu huniambia kwamba mabingwa wetu hawakufika walipofika kwa kusubiri wa nyuma. Ni kweli, lakini hawakufika peke yao pia. Stephen Kiprotich, kabla ya kutwaa dhahabu ya marathoni katika Olimpiki ya London mwaka 2012, alikuwa amejinoa kwa muda mrefu upande wa pili wa mpaka, nchini Kenya, pamoja na wakimbiaji ambao siku ya mashindano wangekuwa wapinzani wake. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna, Oktoba 2019, alizungukwa na waongoza kasi 41 waliokuwa wakipokezana zamu, na ni moja ya sababu zilizofanya muda ule usihesabiwe kuwa rekodi ya dunia. Tena katika fainali ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Mganda mwenzetu Stephen Kissa alichomoka mbele mapema na kukimbia peke yake, kisha akatoka uwanjani bila kumaliza. Waliokuwa wakitazama televisheni hapa Jinja walimcheka. Baadaye alieleza kwamba ulikuwa mpango wa timu, wa kuifanya mbio iwe ya kasi kwa faida ya wenzake. Joshua Cheptegei alimaliza wa pili na Jacob Kiplimo wa tatu, na jina la Kissa likabaki kwenye orodha ya wasiomaliza. Sijui watu wangapi wanalikumbuka.

Nasema haya kwa tahadhari, maana sisi wa Walukuba hatutafuti medali ya Olimpiki, na mazoezi ya Kapchorwa, kule milimani wanakojinoa mabingwa wetu, si kipimo cha mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka hamsini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 za mazoezi makali. Ni mbio za taratibu asubuhi tatu au nne. Hakuna anayeshindwa kwa sababu kiwango hicho ni kikubwa. Watu hushindwa kwa sababu kiwango hicho hakina mwisho: hakuna siku utakapovishwa medali ukaambiwa umemaliza, kwa hiyo lazima kuwe na kitu kingine cha kukurudisha barabarani Jumanne inayofuata.

Kwa hiyo kundi lipangwe kuanzia nyuma. Njia moja tunayoitumia, ambayo ningependa makundi mengine yaijaribu, ni ya kukimbia kwa filimbi. Wote tunaanza pamoja kuelekea Masese, kila mtu kwa kasi yake, na wenye kasi wanaruhusiwa kutoweka mbele wakipenda. Baada ya dakika ishirini filimbi hupigwa, na aliye mbele kabisa, ambaye anaitazama saa yake, hugeuka wakati huo huo. Kila mmoja anageuka pale alipo na kurudi. Waliokwenda mbali wana njia ndefu ya kurudi na waliokwenda karibu wana njia fupi, hivyo kila aliyetunza kasi yake hufika kwenye nguzo ya umeme karibu wakati mmoja na wenzake. Kijana mwenye kasi amepata zoezi lake kamili, tena akiwa na watu mbele yake wa kuwafukuza, na mama aliyeanza mwezi uliopita hakurudi wa mwisho peke yake gizani. Badala ya kuwaona wote wakimpita na kutokomea, anawasikia wakimjia kwa nyuma na kumwita jina. Siku za kukimbia pamoja kwa mwendo mmoja, kipimo ni mazungumzo: asiyeweza kumaliza sentensi bila kutweta anakwenda kasi mno, na wa mbele apunguze.

Suala la giza lina uzito wake. Wanaume tunapozungumza juu ya motisha huwa tunadhani kizuizi kiko kichwani, wakati kwa wanawake wengi wa mtaa wetu kizuizi kiko barabarani: mbwa wasiofungwa, bodaboda zisizo na taa, walevi wanaorudi nyumbani, na majirani wanaouliza kwa sauti mama wa watu anamkimbilia nani alfajiri yote hii. Mwanamke mmoja wa kundi letu, anayeuza samaki, alianza kwa kukimbia na sketi ndefu na leso kiunoni, akisindikizwa na mwanawe wa kiume mpaka kwenye kona. Sasa anapitiwa mlangoni na wenzake wawili, na maneno ya majirani yamepungua kwa sababu yanapaswa kuwasema watatu badala ya mmoja. Hana haja ya kuambiwa ajitume. Ameshaijua kazi ya kuamka saa kumi kwa miaka yote aliyokwenda mwaloni kununua samaki. Alichohitaji ni watu wawili wa kupita naye.

Kuhusu kundi la WhatsApp sina mengi. Linafaa kutangaza mabadiliko ya saa na kuulizia aliyepotea. Ila lina tabia ya kugeuka uwanja wa kuonyesha ramani za programu za simu, kilomita ngapi na kwa dakika ngapi, pamoja na hongera zisizo na idadi, na huyo anayetembea nusu ya njia huanza kusoma bila kuandika, kisha huacha hata kusoma. Pongezi nyingi humwendea asiyezihitaji. Kadhalika jezi: fulana ya kundi inapendeza kwenye picha, lakini nimeona makundi ambamo asiyelipia fulana anasimama pembeni wakati wa kupiga picha ya pamoja, na mtu akishasimama pembeni mara mbili, mara ya tatu hutamwona.

Kuna pia mtindo wa kutoza faini wasiofika, na hoja yake ni kwamba fedha inauma. Wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha mwaka 2000 matokeo ya jaribio katika vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli, ambako wazazi waliochelewa kuwachukua watoto wao walianza kutozwa faini. Waliochelewa waliongezeka, na hata faini ilipoondolewa hawakurudi kama mwanzo. Mzazi aliyekuwa akiona haya mbele ya mwalimu sasa alikuwa amelipia kuchelewa kwake. Hivyo ndivyo ninavyoiona faini ya shilingi elfu mbili: inamuuzia mtu ruhusa ya kulala, kwa bei nafuu, na inamwondolea Afande nguvu yote aliyo nayo pale kwenye kona. Michango ya hiari ya kumtembelea aliyelazwa hospitali ni jambo jingine, na hiyo sijasikia mtu akiilalamikia.

Kundi linaweza kudhuru pia, na wanaolisifu kupita kiasi hawasemi. Mtu mwenye maumivu ya mguu, akiogopa kuwaangusha wenzake, hukimbia siku ambazo angepaswa kupumzika, na jeraha la wiki mbili likawa la miezi sita. Ndiyo maana kwetu aliyeumia anaendelea kuja, lakini hakimbii: anabeba maji, anashika filimbi, au anatembea na Afande sehemu za mlima. Hajapoteza nafasi yake, na kwa uzoefu wangu aliyepewa kazi wakati wa maumivu hurudi kukimbia, ilhali aliyeambiwa abaki nyumbani apone kwanza mara nyingi huzoea kubaki huko.

Tukirudi kwenye Desemba, kosa la makundi mengi ni kuipanga ratiba mpaka siku ya mashindano na kuiachia hapo. Siku ya mashindano kule Kololo, Kampala, inakuja, watu wanapiga picha, wanakula, wanaagana kwa maneno ya “tutaonana mwakani”, na hakuna aliyesema ni lini na wapi. Mwaka huu tumeamua kutangaza asubuhi ya kukutana baada ya mashindano kabla hata ya kupanda basi la kwenda Kampala. Watakaokuwa wamechoka watatembea. Desemba nzima tutakutana Jumanne na Jumamosi, kwa njia fupi ya kuzunguka Walukuba badala ya ile ya Masese, kwa kuwa wengi watakuwa wakisafiri kwenda vijijini na wanaobaki hawatafika kumi. Wanaosafiri wamegawanywa kwa wilaya wanazokwenda, ili wa Kamuli akimbie na wa Kamuli, na wa Tororo na wa Tororo. Afande hasafiri. Ameshasema kwamba Jumamosi ya kwanza ya Januari atakuwa kwenye kona kuanzia saa ile ile, na ameomba betri mpya za tochi.