Soja wa Makumbusho

Kwa kuwa kuna mtu (anajijua) ameshatuma sauti kwenye grupu ya WhatsApp ati nilikumbatia sanamu huku nikilia, wacha niwape habari yenyewe kabla hiyo yake haijamfikia mama.

Ni jana tu. Sisi tuliokuja Marekani kwa ufadhili wa riadha, chuo kina programu na jumba la sanaa. Mnapelekwa wanariadha wote, mnazungushwa, halafu mnaulizwa: ukivuliwa jezi, wewe ni nani? Kila mtu achague kazi moja ya sanaa inayofanana naye, aandike machache, awasomee wenzake. Mimi ukinivua jezi ni mtu wa kifua wazi anayekimbia mita 10,000. Sikuwa na lingine.

Mwalimu alikuwa ametuonyesha picha za kazi za Duane Hanson, yule mtengeneza sanamu Mmarekani aliyefariki 1996. Jamaa alikuwa anapaka watu hai plasta apate umbo, anatengeneza mwili wa resini na faibaglasi, anachora hadi mishipa, kisha anauvika nguo halisi. Ana mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa 1981. Ana soja wa makumbusho wa 1975, yuko Kansas City, na wageni humwuliza njia.

Kwa hiyo nilipoingia chumba cha nyuma nikakuta mzee wa sare ya buluu ameegemea ukuta, kimya, hapepesi hata jicho, nilijua nimepata wangu.

Nikasogea. Hapa twende polepole, jamani. Nikainamia mkono wake: mishipa, madoa ya uzee, ukucha mmoja umepasuka. Nikapanda hadi kidevuni. Palikuwa na mkwaruzo wa wembe, na fundi alikumbuka kubandika kipande cha tishu! Nikasema kwa sauti, "Huyu Hanson ni mchawi." Nikachungulia puani. Nywele zimo. (Wewe wa Iten, usicheke, hata wewe ungechungulia.) Timu ikawa imejaa nyuma yangu, kocha akiwemo. Nikakunjua karatasi, nikasoma kwa madaha:

"Nimemchagua huyu mzee kwa sababu tunafanana. Watu wanampita tu, hawamwoni. Macho yake yanaonyesha alishakata tamaa zamani."

Hapo nikamwekea mkono begani, na sheria ya kutogusa kitu tulikuwa tumesomewa mlangoni. BEGANI. Hakuna aliyekumbatiwa.

Bega lilikuwa na joto.

Macho yaliyokata tamaa yakageuka taratibu, yakatua kwangu. "Kijana," ikasema sanamu, "zamu yangu inaisha saa kumi na moja."

Niliruka nyuma nikamkanyaga kocha, ndiyo maana anachechemea. Mwalimu alikaa sakafuni kwa kicheko. Mzee akaniomba karatasi na ile penseli yangu, maana kalamu za wino haziruhusiwi humo. Akafuta "alishakata tamaa zamani", akaandika "viatu vinambana", akanirudishia, akaamuru nisome upya.

Nikasoma.