Mzee wa baiskeli na ngazi zangu tatu

Jamani mimi nina saluni ya kiume Tandale, chumba kimoja, viti viwili, kioo chenye ufa, na mlangoni ngazi tatu. Hizo ngazi sikuziweka kwa mbwembwe. Masika moja maji ya mtaro yaliingia yakakaa ndani siku mbili, asubuhi nafungua nakuta ndoo inaelea na mashine ya kunyolea imo kwenye ndoo imetulia kama abiria wa pantoni, ndo nikamwita fundi nikamwambia nyanyua sakafu mpaka maji yakija yanisalimie kutokea chini. Akanyanyua. Maji kweli hayaingii tena, ila na wateja wengine nao hawaingii.

Kuna mzee wangu mmoja anatembelea baiskeli ya matairi matatu, ile ya kuzungusha kwa mkono. Kila Ijumaa kabla ya swala anasimama nje anapiga kengele, "we kijana, leta mashine!" Basi navuta ekstensheni toka ndani, inashuka ngazi, inakatiza njia, watoto wa shule wanairuka, mama wa vitumbua anaisogeza kwa kandambili, na mimi nanyoa barabarani kama mtu aliyetolewa vyombo nje kwa kodi. Upepo ukivuma nywele zinaelekea kwenye vitumbua. Na mama wa vitumbua hatuongei wiki ya tatu sasa.

Siku moja akapita jamaa wa ukaguzi na faili kwapani. Akauangalia waya, akaniangalia mimi. Mtungi wa kuzimia moto uko wapi? Nikamjibu uko nyumbani. Nyumbani! Yaani moto ukiwaka nimwambie subiri kwanza nipande bodaboda. Akaandika wee, akasema toka soko la Kariakoo liungue Julai 2021 hataki kusikia habari ya bahati mbaya, nunua mtungi, toa huo waya njiani, na huyu mzee mtengenezee pa kupita. Sibishi. Hata sheria ya watu wenye ulemavu ipo toka 2010, inataka sehemu za kuhudumia watu zifikike. Sasa hela.

Benki wakataka hati ya nyumba, mimi napanga. Mwenye nyumba nilivyomgusia akanijibu jenga tu baba, ila fremu ikipendeza na kodi itapendeza. Kausha damu sitaki hata kuisikia, jirani yangu aliikopa akarudishiwa kila kitu isipokuwa mke, hapana nimekosea, alichukuliwa kila kitu, mke aliondoka mwenyewe.

Nikakumbuka mikopo ya halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato yao, haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi mwaka uliofuata. Nikavaa shati la kuchomekea. Kufika naambiwa nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu, na unatakiwa kuwa na kikundi, katiba, akaunti, mihtasari ya vikao. Mimi mwanaume, nina miaka 51, viungo vyote vipo ingawa goti la kushoto linasuasua. Nikauliza na baba wa makamo yuko kwenye asilimia ipi? Dada akacheka kwa heshima. Mtu pekee anayeniita kijana Dar es Salaam hii ni yule mzee na haruhusiwi kunisainia.

Mpwa wangu yuko California, nikamrushia voisi ya dakika nne namlilia. Akanijibu anko huku jimbo lina mpango unaitwa CalCAP, mwenye kibiashara kidogo anakopa benki ya kawaida, jimbo linatia hela kwenye akaunti ya akiba ya kufidia benki mkopo ukifa, na wakaweka fungu la kujenga mteremko wa viti vya magurudumu, kupanua milango, kurekebisha vyoo, mpaka la kukaza majengo yasianguke na tetemeko. Nikasema hao watu wana roho nzuri. Akasema roho gani anko, huku toka ile sheria yao ya watu wenye ulemavu ya 1990 mteja akikwama mlangoni anakushitaki. Kumbe! Mimi wangu akikwama anapiga kengele tu. Na tetemeko letu ni malori ya kokoto.

Hapo ndo shetani akanipa wazo. Asilimia mbili si ipo? Ijumaa namnyoa mzee nikamwambia taratibu, mzee wangu, we si unastahili, chukua ule mkopo usio na riba tujenge huu mteremko. Akashika mkono wangu, mashine inanguruma bado. "Yaani mimi nikope, nijenge mlango wako, niingie, halafu nikulipe buku mbili?" Nikasema ukiiweka hivyo inasikika vibaya. Akasema nimeiwekaje mimi, si wewe umeiweka! Mama wa vitumbua kwa mara ya kwanza akanicheka usoni.

Basi nikangoja zamu yangu ya mchezo, nikanunua mtungi na saruji mifuko miwili. Fundi wa kwanza akajenga kitu kimesimama wima kama paa, baiskeli ingepanda kwa winchi. Tukabomoa, tukaurefusha mpaka karibu na mtaro. Hata haujakauka bodaboda wawili washapaki juu wanachati.

Ijumaa mzee akapanda. Pole pole, mkono unazungusha, mimi nyuma nasukuma, watu wamesimama. Akaingia! Akajiangalia kwenye kioo akasema hiki kioo kina ufa. Nikamnyoa ndani, chini ya feni, nikampaka spiriti, akafurahi, akanywa na maji ya baridi chupa nzima. Akakaa kidogo.

"Kijana, choo kiko wapi?"

Choo kiko uani. Nacho tulikinyanyua kwa ajili ya maji. Ngazi tano.