Kofia yangu niliitupa mwenyewe

Makala inasema kuna kampuni ya mawakili inayofadhili vilabu vya pikipiki na kuwatetea waendeshaji waliojeruhiwa, na wengi hapa mnasema ni biashara tu. Sawa, ni biashara, nani anabisha? Lakini mmewahi kulala na mguu kwenye plasta, siku ya tatu simu ikaita, ni mtu wa bima ya dereva aliyekugonga, sauti tamu kama asali, anataka "maelezo mafupi" na huku anarekodi? Mimi nilijibu. Nikasema nilikuwa kasi kidogo. Hiyo "kidogo" ilinifuata hadi mwisho, fidia ikakatwa.

Dereva naye alisema lile lile wanalosema wote: sikumwona. Utafiti wa Harry Hurt, mtafiti wa ajali za pikipiki, uliotoka Marekani mwaka 1981, ulikuta kwamba pikipiki ikigongana na gari, mara 2 kati ya 3 kosa ni la mwenye gari kuingilia njia ya pikipiki. Bado ukifika mezani kudai fidia mhuni ni wewe, kisa jaketi la ngozi.

Ninachotaka kuwauliza mawakili hao ni asilimia wanayokata kwenye fidia yako. Gharama za wataalamu wanaotoa ushahidi zinatolewa kabla ya mgawo au baada? Hapo ndipo watu hulia.

Na kofia. Muuguzi aliniletea yangu, imepasuka upande wa sikio, akauliza aifanyeje. Nikamwambia tupa. Miezi kadhaa baadaye wakili anatafuta ushahidi, ananiuliza: kofia iko wapi?